Mbegu za Kitani na Kikombe cha Pili

Kikombe kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu. Kilining'inia kwenye msumari juu ya mtungi. Rangi yake ilikuwa imebanduka sehemu tatu, pakabaki madoa meusi, na Flora alijua habari ya madoa mawili. Hili lilitokea kikombe kilipoangukia jiwe la kusagia. Lile lilitokea siku ya ubatizo wake yeye mwenyewe. La tatu hakuna aliyelijua isipokuwa mama yake, na mama yake alikuwa amekwenda nalo.

Mama yake aliitwa Isabela. Alifariki wakati wa palizi, na sasa korosho zilikuwa zimeanza kuanguka. Flora alikuwa amerudi Mkunya, wilaya ya Newala, nyumbani kwao, kumtunza baba yake, mzee Abrahamu, mwalimu mstaafu wa shule ya kanisa.

Kila asubuhi Mwalimu alichukua kikombe kile, akachota maji mtungini, akanywa polepole akiwa amesimama. Yakibaki kidogo, hakuyamwaga. Aliyarudisha mtungini. Jioni alikunywa nusu kikombe. Katikati ya hapo hakunywa kitu, hata kama ameshinda shambani akiokota korosho juani.

"Baba, ongeza maji," Flora alikuwa akimwambia.

"Yanatosha, mwanangu. Maji haya yana shingo ya mtu."

Watu wa Newala wanaelewa maneno hayo. Kule juu udongo ni mchanga mwekundu. Mvua inanyesha, inazama, haiachi hata kidimbwi. Maji yako chini bondeni. Zamani Isabela alikuwa akitoka jogoo wa kwanza, anashuka mteremko pamoja na wenzake, anarudi jua limeshapanda, mtungi kichwani, shingo imenyooka. Siku moja Mwalimu, akiwa bado kijana, alishuka kumpokea njiani. Alimkuta amesimama kwenye kona kali. Miguu ilikuwa ikitetemeka, lakini mtungi haukutikisika. Toka siku hiyo Mwalimu akajiwekea sheria: kikombe kimoja asubuhi, nusu jioni. Hakumweleza mkewe. Alishika tu, mwaka hadi mwaka, watoto wakazaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa.

Sasa ilikuwa miaka ya tisini. Wanunuzi binafsi wa korosho walileta malori yao mpaka kijijini. Maduka ambayo Flora aliyakumbuka yakiwa na rafu tupu na chumvi ya mawe, sasa yalijaa sabuni za kila rangi, biskuti, na madawa ya pakiti. Madumu ya plastiki yalichukua nafasi ya mitungi. Hakuna aliyebeba tena maji ya nyumba ile kichwani. Yaliletwa kwa baiskeli, madumu manne kwa safari. Flora aliyamimina mtungini kwa sababu baba yake alipenda yale yenye harufu ya udongo.

Kila kitu kilikuwa kimebadilika, isipokuwa sheria ya kikombe.

Mwaka ule Mwalimu alianza kupata shida ya choo. Siku tatu zilipita, wakati mwingine nne, bila kupata haja kubwa. Alikwenda chooni nyuma ya nyumba, akakaa, akatoka jasho, akarudi kama alivyokwenda. Hakusema neno. Flora alijua kwa sababu alimwona akishika kiuno na kuegemea mlango.

Chakula nacho kilikuwa kimebadilika. Isabela alikuwa hakosi mboga. Alichanganya majani ya kunde na ufuta uliotwangwa, akapika mbaazi, akapika kisamvu. Baada ya mazishi Mwalimu alipoteza hamu. Alikula ugali mweupe wa muhogo na kipande cha samaki mkavu, akasukuma mboga pembeni.

"Mboga za mama yako zilikuwa na ladha nyingine," alisema.

Flora hakukasirika. Alijua ni kweli. Hata yeye hakuwa amepata ile ladha.

Jumamosi moja Silvesta, mdogo wake Flora, alikuja kutoka Masasi. Alikuwa mfanyabiashara mdogo na alipenda vitu vipya. Alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Mezani aliweka pakiti ya mbegu ndogo za rangi ya kahawia, zinazong'aa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeniletea ufuta? Ufuta tunao hapa."

"Siyo ufuta, Baba. Hizi ni mbegu za kitani. Zimeshushwa Dar es Salaam, zimefika Masasi juzi. Wahindi wanaziita alsi. Aliyeniuzia anasema zinalainisha choo, zinaondoa presha, sukari, baridi yabisi, na maumivu ya mgongo."

"Na upara?" akauliza mzee Sultani.

Sultani alikuwa jirani, Myao aliyehamia kutoka Nanganga akiwa kijana. Yeye na Mwalimu walikuwa watani kwa miaka arobaini. Alikuwa amekaa kizingitini akibangua korosho.

"Upara hakuutaja, mzee," Silvesta akajibu akicheka.

"Basi mimi hazinisaidii. Mpe huyo Mmakonde, asubuhi nilimsikia akiugua chooni, nikadhani anazaa."

Mwalimu hakucheka. Alichukua pakiti, akavaa miwani yake, akasoma maandishi nyuma. Yalikuwa ya Kiingereza. Katika nyumba ile yeye peke yake alikijua vizuri.

"Wanasemaje, Baba?" Flora akauliza.

Mwalimu aliiweka pakiti mezani. "Wanasema kula vijiko viwili kwa siku."

"Basi?"

"Basi."

Silvesta akaongeza, "Na yule muuzaji anasema ukianza hizi, vidonge vya presha unaweka pembeni."

Mwalimu alikuwa na vidonge vya presha kutoka zahanati. Vilimchosha. Jioni ile ile alivifunga kwenye karatasi, akavitia kwenye sanduku la vitabu.

Akaanza kula mbegu. Asubuhi vijiko viwili, vikavu, akavitafuna kidogo na kuvimeza. Juu yake mafunda mawili ya maji kutoka kikombe cha Isabela. Jioni vijiko viwili tena, maana aliona vijiko viwili kwa siku havitoshi. Siku ya pili tumbo lilijaa. Siku ya tatu lilikuwa gumu kama ngoma. Siku ya nne, mchana, Flora alimkuta amelala kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, paji la uso limejaa jasho.

"Baba!"

"Usipige kelele. Majirani watasikia."

"Wasikie! Mzee Sultani! Mzee Sultani, njoo!"

Sultani alikuja mbio, korosho bado mkononi. Alimtazama rafiki yake na utani wote ukamwisha. Alileta baiskeli yake. Walimkalisha Mwalimu kwenye kiti cha nyuma, Flora akamshika mgongo, Sultani akaisukuma baiskeli kwenye mchanga mpaka zahanati. Njia nzima Flora aliwaza jambo moja. Mwaka huu alikuwa amekwisha kuzika mzazi mmoja.

Zahanati walimkuta nesi Sijaona. Alikuwa binti wa Bibi Bimdogo, wa nyumba ya tatu kutoka kwao. Mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sijaona. Mwalimu wako leo amefeli."

Sijaona hakupoteza muda. Alimlaza kitandani, akabonyeza tumbo taratibu, akaweka kipimo cha masikioni juu yake, akasikiliza.

"Umetapika?"

"Hapana."

"Umeona damu chooni?"

"Hapana."

"Upepo unatoka?"

Mwalimu aligeukia ukutani kwa aibu. Sultani akamjibia kutoka mlangoni: "Huo unatoka, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikisukuma baiskeli."

Flora alicheka huku machozi yakimtoka. Hata Sijaona alitabasamu.

"Hiyo ni habari njema, mzee. Kama upepo ungekuwa haupiti, au angekuwa anatapika, ningemtuma hospitali ya wilaya sasa hivi. Nisingesubiri gari wala kesho. Hayo ni mambo ya kupasuliwa."

Alipima presha. Ilikuwa imepanda sana. Akapima tena.

"Mwalimu, vidonge unakunywa?"

Mwalimu akatikisa kichwa. Flora akaeleza habari yote, ya Silvesta, ya pakiti, ya vijiko vinne kwa siku. Alikuwa amebeba ile pakiti ndani ya khanga. Akamkabidhi nesi.

Kwanza Sijaona alimwita mhudumu wa kiume. Yaliyofanyika nyuma ya pazia na bomba la maji ya sabuni, Mwalimu hakutaka yasimuliwe, na hatutayasimulia. Saa moja baadaye alitoka amejikongoja, uso umelegea. Akakaa kwenye benchi. Sijaona alikuwa ameweka bilauri mbili mezani.

"Zamani ulikuwa unatufundisha kwa vitu, siyo maneno matupu," akasema. "Ulileta mbegu za maharage darasani, tukaziotesha kwenye pamba. Sasa angalia hapa."

Katika kila bilauri alikuwa ametia kijiko kimoja cha mbegu za kitani. Ya kwanza aliitia maji kidogo tu, ya pili akaijaza. Alikuwa ameziacha wakati Mwalimu yuko nyuma ya pazia. Sasa aliinamisha ile ya kwanza. Hakuna kilichomwagika. Mbegu zilikuwa zimevimba na kushikamana, zimekuwa bonge zito lenye ute. Aliinamisha ya pili. Mbegu zilitembea pamoja na maji, laini, zinateleza.

"Kama bamia," Flora akasema.

"Kama bamia kabisa. Mbegu hizi zina nyuzinyuzi nyingi. Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya chakula ambayo tumbo halisagi yote. Zikipata maji zinavimba, zinalainisha choo, kinatoka bila taabu. Zikikosa maji zinavimba vilevile, lakini zinajaza njia, zinaziba. Mwalimu, wewe ulikuwa bilauri ya kwanza."

"Kwa hiyo mbegu ni mbaya," Sultani akasema. "Nitamwambia Silvesta azipande kichwani mwake."

"Siyo mbaya, mzee. Ni chakula kizuri. Nilizikuta Dar es Salaam nilipokuwa mafunzoni. Zina mafuta yanayofaa moyo na mishipa ya damu. Mtu akizila vizuri kwa muda mrefu, zinaweza kusaidia kushusha presha kidogo na mafuta mabaya kwenye damu. Kusaidia, nasema. Kidogo. Hazichukui nafasi ya vidonge. Muuzaji aliyesema uache dawa alitaka kuuza mbegu."

"Na kuzila vizuri ndiyo vipi?" Flora akauliza.

"Kwanza, zitwange. Mbegu nzima ina ganda gumu, mara nyingi inatoka kama ilivyoingia."

"Kama nyanya," Sultani akasema. "Nyuma ya choo changu imeota minyanya mitatu, na hakuna aliyeipanda."

"Ndiyo hivyo. Twanga za siku mbili tatu tu, maana unga wake unaharibika upesi, unachacha. Anza na kijiko kidogo kimoja kwa siku, changanya kwenye uji. Tumbo likizoea, baada ya wiki mbili, fika kijiko kikubwa kimoja. Usizidishe. Dawa na mbegu visiingie tumboni pamoja. Meza vidonge, kaa saa mbili, ndipo ule mbegu, kwa sababu ule ute unaweza kuzuia dawa isiingie mwilini. Mjamzito asianze bila kuuliza zahanati. Na juu ya yote, maji. Bilauri nzima pamoja na mbegu, na nyingine nyingi mchana kutwa. Bila maji, afadhali usile kabisa."

Alichukua pakiti, akaigeuza, akasogeza macho karibu na yale maandishi ya Kiingereza. Akasoma kwa shida. Akamtazama Mwalimu.

"Hapa wameandika, Mwalimu. Imeandikwa: kwa maji mengi."

Flora akamgeukia baba yake. "Baba, si ulitusomea?"

Mwalimu aliangalia mikono yake. Chini ya kucha kulikuwa na rangi ya maganda ya korosho.

"Nilisoma," akasema. "Niliiona. Nikairuka."

"Kwa nini?"

"Maji mengi! Nani alete maji mengi? Mama yako aliyabeba kwa shingo miaka thelathini na saba. Nilimwona pale kwenye kona, Flora. Miguu inamtetemeka. Mimi mwanamume niliyekaa kivulini nafundisha watoto kuimba, nitasemaje nataka kikombe cha pili? Na sasa hayupo, ndiyo nianze kuyanywa kama mvua?"

Flora hakuwa amewahi kuisikia habari ya kona ile. Kumbe kile alichodhani ni ukaidi wa uzee kilikuwa ni heshima ya mtu kwa mkewe, iliyofichwa kwenye kikombe.

Sijaona ndiye aliyeanza kusema, kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, mimi nilishuka sana na Mama Flora. Mama yangu akiumwa, nilifuata nyuma ya Mama Flora na kindoo changu. Unajua alichokuwa anafanya akifika chemchemi? Kabla hajajaza mtungi, anapiga magoti anakunywa. Anakunywa mpaka maji yanasikika yakishuka kifuani. Kisha ananiambia, 'Kunywa, mtoto, jaza tumbo kwanza, mtungi baadaye. Mtu mkavu hapandi mlima huu.' Sisi watoto tulimcheka, tumbo lake linalia njia nzima kama dumu."

"Ni kweli," Flora akasema. Ilimrudia yote mara moja, baridi ya alfajiri, harufu ya matope, mgongo wa mama yake umeinama juu ya maji. "Ni kweli, Baba. Na tukifika nyumbani alikuwa akilalamika. Alisema, 'Baba yenu anarudisha maji mtungini. Nimeyaleta toka bondeni, yeye anayarudisha. Sijui hayapendi?'"

Mwalimu aliinua kichwa. "Alisema hivyo?"

"Mara nyingi."

"Hakuniambia."

"Na wewe hukumwambia," Sultani akasema taratibu. Safari hii haikuwa utani. "Hakuyabeba ili uyaangalie, Mwalimu. Aliyabeba uyanywe."

Mwalimu alivua miwani, akafuta macho kwa ncha ya shati. Sijaona akajifanya anapanga chupa za dawa.

Walirudi nyumbani taratibu. Kesho yake Flora alitoa vidonge kwenye sanduku la vitabu. Akazipepeta mbegu, akazianika kidogo, akatwanga kiasi cha siku mbili katika kinu cha mama yake. Alisaga pia ufuta, akapika majani ya kunde. Sijaona alikuwa amemwambia asihuzunike pakiti ikiisha. Mbaazi, kunde, mapapai, mboga za majani na ufuta wa kwao vina nyuzinyuzi pia, na havihitaji lori kutoka Dar es Salaam. Vyakula hivyo navyo vinataka maji.

Mwalimu alikula mboga. Akatafuna, akatulia.

"Hii umetia nini?"

"Ufuta, Baba. Na pilipili kichaa moja, nzima, haijapasuliwa."

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo hiyo ilikuwa imekosekana."

Kunywa maji halikuwa jambo jepesi. Sheria ya miaka mingi haivunjiki siku moja. Wiki ya kwanza Flora alimwekea dumu dogo la lita mbili na kumwambia liishe kabla ya jua kuzama. Mwalimu alilizunguka kama mgeni asiyemjua. Sultani alikuja kila mchana, akaliinua, akalitikisa.

"Bado limejaa, Mmakonde! Nisukume tena baiskeli?"

"Nyamaza, Myao. Nakunywa."

"Nakuona unakunywa kwa macho."

Silvesta alipokuja tena, Flora alimketisha kabla hajavua viatu, akamwambia yote. Alivua miwani ya jua. Kesho yake alipanda juu ya paa, akafunga mifereji ya bati kuzunguka nyumba nzima, akachimba pamoja na mafundi tangi la saruji kando ya jiko. Mama yao alikuwa ameliomba tangi hilo zamani, na kila msimu walisema mwakani.

Baada ya wiki tatu choo cha Mwalimu kilikuwa cha kila siku, bila jasho. Sijaona alipima presha, ikawa imeshuka mahali pake. "Vidonge vinafanya kazi yake, chakula kinafanya yake," alisema. "Usimfukuze mmoja kwa ajili ya mwingine." Watu wa nyumba za jirani walikuja kuuliza habari ya mbegu, na Mwalimu hakumpa mtu hata punje kabla ya kumwonyesha zile bilauri mbili. Alikuwa amerudi kufundisha.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili, watu wametoka kanisani. Ilipiga bati kwa kishindo, ikakusanyika kwenye mifereji, ikaanguka ndani ya tangi. Walisimama barazani, wakisikiliza. Hapo zamani mvua kama hii ilikuwa inazama yote mchangani, na Isabela alikuwa akisimama mlangoni kuitazama inavyopotea.

"Isikilize," Mwalimu akasema. "Imejileta yenyewe mpaka hapa."

Aliingia ndani, akatungua kikombe cheupe chenye ukingo wa buluu. Akanywa kikombe kizima, hakurudisha kitu mtungini. Kidole gumba kilikuwa kimekaa juu ya lile doa la tatu ambalo hakuna aliyejua habari yake. Kisha akamnyooshea Flora kikombe kitupu. Akasema neno ambalo Flora hakuwahi kulisikia kinywani mwake maisha yake yote.

"Ongeza."